Kuchubuka si Kuharibika

Leo siongelei siasa wala mahusiano. Naongelea michubuko ya gitaa, na kabla upite ukisema hii si yako, ngoja kidogo. Kama umewahi kunyimwa kitu na watu wakubwa kwa sababu "nyinyi vijana mtakiharibu", hii story inakuhusu hata kama hujawahi kushika gitaa.

Tuanze na mchubuko wenyewe. Tafuta gitaa ya mbao, ile haitumii stima, ambayo imepigwa kwa miaka. Angalia ubao wa mbele, pale chini ya tundu la sauti upande wa nyuzi nyembamba. Kwanza utaona vanishi imeacha kung'aa. Ukisogea karibu utaona mistari mingi, ni kama paka alikuwa akinoa kucha hapo. Na kama mpigaji ana mkono mzito, vanishi imeisha kabisa na mbao iko wazi, rangi ya uji wa wimbi uliokolezwa maziwa. Hiyo yote ni kazi ya piki, kale kaplastiki ka pembe tatu tunakashika kati ya kidole gumba na cha shahada.

Inatokeaje? Ukicharaza kwenda chini, piki inapita nyuzi zote sita. Ikishatoka kwa uzi wa mwisho haisimami hewani, inaendelea na safari yake, na kitu cha kwanza inapatana nacho ni ubao. Ukirudi juu inatokea kwa uzi mnene na kugusa upande ule mwingine. Mguso mmoja si kitu. Lakini piga hesabu na mimi. Wimbo wa dakika 4, mwendo wa midundo 100 kwa dakika, unacharaza chini na juu kila mdundo: hiyo ni mara 800. Nyimbo 10 kwa ibada moja, ni mara 8,000. Tuseme uko makini na ni mara moja tu kati ya 20 ndiyo piki inagusa ubao. Bado ni mara 400 kila Jumapili, zaidi ya mara 20,000 kwa mwaka. Hata jiwe lingekuwa na alama.

Na huo ubao si jiwe. Unene wake ni kama milimita 3 tu, na mara nyingi ni mti wa sprusi, mti laini wa nchi za baridi. Fundi anaufanya mwembamba makusudi kwa sababu huo ndio unatikisika na kutoa sauti. Ukiwa mnene, gitaa inakuwa meza. Sasa huo huo ubao mwembamba ndio unabeba mvuto wa nyuzi za chuma, karibu kilo 70 zikikazwa vizuri. Yaani ni kama mtu mzima amening'inia hapo mchana na usiku, halafu wewe unakuja juu yake na piki.

Ndiyo maana mafundi hubandika kile kiplastiki chini ya tundu, wengi tunakiita pikigadi. Watu hudhani ni urembo. Si urembo, ni kama ile aproni ya fundi wa kuchomelea vyuma. Wahispania wanaopiga flamenko wanabandika kibao chao chembamba pia, kwa sababu wao hugonga ubao kwa kucha kama sehemu ya muziki. Hakuna mtu huko anawaambia waache kugonga. Waliangalia muziki unataka nini, wakalinda mbao, maisha yakaendelea.

Na kuna kitu watu wa Lamu na Malindi watapenda. Umeshaona pikigadi nyingi zina rangi ya kahawia yenye madoa ya manjano? Hiyo ni rangi ya gamba la ng'amba, yule kasa wa bahari yetu. Zamani gamba lake ndilo lilikuwa linatengeneza piki zilizosifiwa kuliko zote, na biashara ya magamba kutoka pwani ya Afrika Mashariki ni ya kitambo sana. Kuna kitabu cha Kigiriki cha wafanyabiashara wa baharini, kimeandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita, na kinayataja kati ya bidhaa za huku. Ng'amba akawindwa hadi karibu aishe, kisha mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kazi 1975, ukaja kufunga hiyo biashara. Leo piki ni za nailoni na plastiki zingine. Zile za Tortex za Jim Dunlop, ambazo ziko karibu kila duka la muziki, zimechorwa kobe. Sasa unajua ni kwa nini.

Haya, twende kwa swali ambalo naona hakuna mtu huuliza. Kwa nini tunapiga kwa nguvu hivyo?

Jibu ambalo utapewa ni "hawa watoto hawajui kupiga". Kuna ukweli kidogo hapo, nitaurudia. Lakini mimi nacharaza gitaa kwa ibada ya vijana huku Eastlands tangu 2021, na nitakuambia sababu ya kwanza: hatuna spika. Spika za kanisa ziko ukumbi mkubwa, na saa tatu asubuhi ukumbi mkubwa ni wa wazazi. Sisi tuko ule ukumbi wa watoto, paa ni mabati, vijana ni kama 70, wanaimba na kupiga makofi, na chombo ni kimoja. Gitaa. Mvua ikinyesha juu ya hayo mabati, hata mimi mwenyewe sisikii kodi ninazopiga. (Kodi za muziki, si zile za landilodi. Hizo huwa nasikia vizuri sana.) Sasa ufanye nini? Unaongeza mkono. Watu wa nyuma wakipoteza mdundo, wimbo mzima unaanguka.

Kwa hivyo ile michubuko si ya hasira wala ya utundu. Ukitaka kujua ni kanisa gani, ni shule gani, ni kikundi gani cha mtaa kimekuwa kikiimba bila vyombo, angalia ubao wa gitaa yao.

Na si sisi wa kwanza. Kuna jamaa anaitwa Glen Hansard, wa Ireland. Alianza kuimba barabarani Dublin akiwa bado kijana mdogo. Barabarani hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kuna magari na watu wanapita. Gitaa yake ya Takamine ililiwa na piki hadi ikatoboka, shimo la pili kando ya lile la kawaida. Unaiona kwenye filamu ya Once ya 2007, na 2008 yeye na Markéta Irglová wakashinda tuzo ya Oscar kwa wimbo wa hiyo filamu. Hakwenda kuficha hiyo gitaa.

Halafu kuna mzee Willie Nelson wa Marekani, amezaliwa 1933. Gitaa yake ni Martin N-20, alinunua 1969, akaiita Trigger kama farasi wa Roy Rogers, yule mwigizaji wa filamu za kauboi. Hiyo ni gitaa ya nyuzi za nailoni, imetengenezwa kupigwa na vidole, kwa hivyo haina pikigadi. Yeye akaipiga na piki hata hivyo, shoo baada ya shoo, miaka nenda miaka rudi. Mbao ikaisha, pakatokea shimo kati ya tundu na daraja la nyuzi. Na si mzee wa kupiga kwa fujo, hapana. Ni muda tu umefanya kazi yake. Fundi wake wa Texas huikagua na kuiimarisha kwa ndani, na gitaa inaendelea kuimba.

Najua kuna mtu ataniambia, "lakini babu zetu walipiga gitaa na hazikutoboka." Ni kweli, na kuna sababu. Ile tunaita gitaa kavu ilikuwa muziki wa vidole. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi 1952, alikuwa anadonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, na wapigaji wa Nairobi wakajifunza sana kwake. George Mukabi wa Magharibi mwa Kenya na mtindo wake wa omutibo pia ni vidole, na pembeni kuna mtu anakwaruza chupa ya soda kushika mdundo. Watu wanaketi karibu, wanasikiliza. Ngozi ya kidole ni laini, haikwaruzi mbao kama plastiki. Huwezi kulinganisha hiyo na kuongoza vijana 70 chini ya mabati. Ni kazi mbili tofauti.

Sasa nifike pale pananiuma.

Gitaa tunayopiga ni ya kanisa. Silitaji jina, na halihitaji kutajwa. Mshiriki mmoja aliitoa kama zawadi kwa vijana. Mwanzo wa mwaka huu kamati ilifanya hesabu ya mali: viti vingapi, sufuria ngapi, maiki ngapi zinafanya kazi. Wakafika kwa gitaa, mzee mmoja akaigeuza kwa dirisha ikapigwa na mwanga, akaona michubuko. Akaandika kwa daftari, "gitaa, imeharibika." Jioni hiyo ikafungiwa kwa kabati ya ofisi, na sisi tukaambiwa itatoka tukijifunza kutunza mali ya kanisa.

Nilienda kumwona. Nilimwambia, "Mzee, kwa heshima, hii gitaa haijaharibika. Imechubuka."

Akaniuliza, "Tofauti ni gani, kijana wangu?"

Swali lilikuwa zuri, na nikamwomba dakika kumi na ufunguo wa kabati. Nilimwonyesha hivi, na nyinyi mnaweza kufanya hivi kwa gitaa yoyote. Kwanza tafuta ufa unaofuata mistari ya mbao. Mkwaruzo unapita juu juu, ukiupapasa na kucha una chini. Ufa unaingia ndani, na ukibonyeza kando yake mbao inacheza. Pili, angalia daraja la nyuzi kwa nyuma. Karatasi ya daftari ikiingia chini yake, gundi imeanza kuachilia, na hiyo ni shida ya kweli. Tatu, gonga ubao polepole kwa kidole pande zote. Ukisikia mlio wa kitu kimelegea, kuna ubao wa ndani umeachana na wenzake. Nne, bonyeza pale palipochubuka kwa kidole gumba, taratibu. Pakibonyea kuliko pembeni, mbao imekuwa nyembamba mno na fundi anahitajika kabla ya piki nyingine.

Gitaa yetu ilipita yote manne. Nikaikaza nyuzi, nikaicharaza, ikajaza ofisi. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Akapapasa michubuko na kidole. Akasema, "Ni kweli inalia vizuri. Lakini haipendezi."

Hapo ndipo nilielewa tunabishania nini. Haikuwa kuhusu mbao hata kidogo. Ilikuwa kuhusu vile kitu kinaonekana wageni wakija.

Na simchukii mzee. Yeye ni wa kizazi ambacho sofa ilikuwa inafunikwa vitambaa na vikombe vizuri vinangoja wageni kwa kabati ya vioo. Kitu kilinunuliwa kwa shida, na kukitunza ilikuwa heshima. Naelewa. Lakini angalia ngoma yetu ya ibada. Katikati ya ngozi kuna doa jeusi, mahali mikono imegonga kwa miaka. Hakuna mtu ameiandika kwa daftari kwamba imeharibika. Vitabu vya nyimbo vimeshikwa na selotepu. Mwiko wa jikoni la kanisa umelika upande mmoja kwa kusonga ugali wa harusi na matanga. Hivyo vyote tunaviita vimetumika. Kwa nini gitaa ya vijana ndiyo imeharibika?

Na hiyo kabati sasa. Ni ya chuma, imesimama chini ya paa la mabati. Mchana humo ndani ni jiko. Mbao hupenda hewa ya wastani, si kavu sana wala si yenye unyevu sana. Joto jingi hulegeza gundi, na zile kilo 70 za mvuto haziendi likizo eti kwa sababu gitaa imefungiwa. Piki inachubua ngozi, lakini joto la kabati linaweza kuvuta daraja likang'oka. Yaani tumeiokoa kutoka kwa wanaoipenda tukaipeleka kwa kitu kitaiua kweli.

Kuna hasara nyingine haiwezi kuandikwa kwa daftari. Jumamosi mchana nilikuwa na wanafunzi watatu. Mmoja ni msichana wa kidato cha pili, hana gitaa yake, kwao hakuna pesa ya hiyo. Alikuwa amefika mahali pagumu, ile kodi ya F ambayo kidole kimoja kinabana nyuzi zote, na alikuwa ameanza kuiweza. Mimi nina gitaa yangu ya thao nane, lakini moja haitoshi watu wanne, kila mtu anangoja zamu hadi mikono inapoa. Wiki mbili za kwanza alikuja. Sasa haji. Huwa ananitumia meseji moja tu, "bado iko ndani?" Namjibu bado. Gitaa ikikwaruzika unaweza kubandika kitu juu. Mtoto akipoa, unabandika nini?

Nilisema kuna ukweli kwa lile la "hawajui kupiga", na sitaki kuukwepa. Si kila mchubuko ni wa kujivunia. Kuna watu mtandaoni wanapeleka msasa kwa gitaa mpya ili ionekane imezunguka dunia. Kampuni kubwa kama Fender zinauza gitaa zilizozeeshwa kiwandani tangu miaka ya 1990, na zinauza bei ya juu. Kila mtu na pesa yake, lakini usinunue makovu ya vita hukupigana. Na kuna wale wanapiga kwa nguvu hata wakiwa chumbani peke yao. Gitaa ina mwisho wake. Ukipita hapo, sauti haiongezeki tena, nyuzi zinaanza kugonga vyuma vya shingo, na noti inapanda kidogo kila unapogonga, kwa hivyo unasikika nje ya tyuni hata kama umekaza vizuri.

Kwa hivyo, kama mbao yako inaisha ndani ya miezi miwili, jaribu hivi. Tumia piki laini kwa kucharaza, kama 0.60 au 0.73 ya milimita. Hiyo inapinda ikikutana na nyuzi. Ya milimita 1 na zaidi haipindi, nguvu yote inaenda kwa uzi na kwa ubao. Shika piki hadi ibaki ncha ndogo tu nje, milimita 3 au 4. Inamisha kidogo isiingie nyuzi ikiwa imesimama wima. Mkono utoke kwa kifundo, ukiwa umelegea kama unakung'uta maji, si bega lote kama unapasua kuni. Na kama gitaa haina pikigadi, kuna zile za kubandika, hata zisizo na rangi ambazo huoni kama ziko. Usiipeleke kwa fundi wa fanicha aipige msasa na kuimiminia vanishi ya meza. Ubao ukiwa mzito, sauti inafifia, na hiyo hairudi.

Haya yote tumeyaandika kwa barua kwa kamati, ukurasa mmoja, kwa adabu. Tumechanga wenyewe pesa ya pikigadi ya kubandika na piki laini. Tumesema kutakuwa na daftari la nani amechukua gitaa na nani amerudisha. Na tumeomba kitu kimoja kutoka kwao: ile spika ndogo ya zamani iliyo stoo, moja tu, itumike saa tatu asubuhi. Kwa sababu mkipatia mtu spika na maiki mbele ya gitaa, mkono wake unatulia wenyewe. Huhitaji kumhubiria.

Mzee amesema barua itasomwa kikao kijacho. Nimekubali kungoja, na nitaenda nikiwa nimevaa shati ya kuchomekea.

Lakini kwenu nyinyi mnaosoma, hasa wale mmefika umri wa kushika funguo za makabati: kiongozi wa klabu shuleni, mwenyekiti wa vijana, dada mkubwa nyumbani. Kabla uandike "imeharibika", uliza kama bado inafanya kazi yake. Uliza ni nani ataacha kujifunza ukiifungia. Na kama kuna gitaa mahali fulani kwenu imekaa ndani ya kabati iking'aa, itoe leo, legeza nyuzi zilizozeeka, weka mpya, mpatie mtu wa kidato cha pili. Itachubuka. Sawa tu.